Maziwa ya Lorraine

Kariobangi,
18 Februari 2024

Kwa Kanyiva, mke wa mwanangu,

Salamu. Natumaini mtoto hajambo, na wewe pia hujambo, maana mara ya mwisho nilipokuona ulikuwa na nguvu za kutosha kunitoa mlangoni. Mimi niko. Goti linasumbua, presha inapanda na kushuka inavyotaka, lakini bado nafungua kibanda changu pale Kariokor na viatu vinauzika.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu umenifungia. Nilidhani ni mtandao, nikapiga na kupiga, mpaka Carolyne akaniambia kwa huruma kwamba mama, huyu amekuzuia. Binti yangu mwenyewe ndiye wa kuniambia. Basi barua hii atakuletea yeye akija kazini saluni huko Mowlem, na ukitaka kujibu mpe yeye. Austine nimemwambia, naye anasema yuko Malaba kwenye foleni ya malori, nyinyi wawili mzungumze. Mwanamume akishaoa hivyo ndivyo anavyoongea.

Sasa nikuulize, nyar Kitui, binti wa watu wa Kitui. Tangu ujifungue, ni nani aliyekuwa akikufulia? Silali kwenu, mila yetu hairuhusu mama kulala nyumba ya mwanawe, kwa hivyo kila asubuhi nilitoka Kariobangi na jioni nikarudi, na hili goti. Nilikupikia mchuzi wa kuku. Nilikukanda kwa maji moto. Jumanne ulikuwa bafuni, mtoto analia kwa njaa, nikampa uji mwepesi wa wimbi niliouchuja kwa kitambaa safi. Vijiko vichache. Ukatoka na povu kichwani, ukaninyang'anya mtoto, ukamtia kidole mdomoni, ukamwaga uji kwenye sinki, halafu ukachukua mkoba wangu ukauweka kwenye korido. Mama Muoki wa mlango wa pili alikuwa anaanika nguo. Aliona yote.

Mkoba wangu kwenye korido, Kanyiva. Kama mimi ni mtu anayetembeza sabuni nyumba kwa nyumba.

Nangoja uniombe msamaha.

Mama mkwe wako,
Phelister


Mowlem,
22 Februari 2024

Kwa Mama Austine,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na presha imetulia. Sisi hapa hatuko salama, na sababu unaijua.

Tangu hiyo Jumanne Lorraine anaharisha. Nimemfikisha kliniki mara mbili. Uso umekuwa mdogo, macho yameingia ndani, na mimi nashinda nikimweka titini ili arudishiwe maji anayoyapoteza. Daktari aliniuliza amekula nini. Nilishindwa hata kumtazama nilipomwambia kwamba mtoto wa wiki tano amelishwa uji.

Umeandika kuhusu mchuzi na kunikanda. Asante kwa hayo, sijayasahau. Lakini hukuandika kuhusu hospitali, kwa hivyo nitaandika mimi. Siku aliyozaliwa, maziwa yangu ya kwanza yalitoka ya manjano, mazito. Ukaniambia huo ni uchafu uliokaa tangu zamani. Nikiwa nimelala sina nguvu, ukayakamua ukayapangusa kwa pamba, ukatupa kwenye ndoo, halafu ukampa mtoto maji ya sukari kwa kijiko. Sista alipoingia akakukuta nacho, alikuambia nini? Kwamba hayo ya manjano ndiyo chanjo yake ya kwanza, ndiyo kinga anayopewa na mama kabla ya sindano yoyote. Ulimjibu kwamba yeye bado msichana.

Na mimi nilikuwa navuja damu. Shuka ilikuwa imelowa na kila mtu ananiambia nitulie. Ni yule msichana aliyemlaza Lorraine kifuani pangu. Aliposhika titi nikasikia tumbo linajikaza kwa maumivu, nikapiga kelele, naye akasema vizuri, mtoto akinyonya tumbo la uzazi linajifunga na damu inapungua. Ikapungua kweli. Kwa hivyo ukiniuliza nani alinihudumia, nitakujibu kwamba wa kwanza alikuwa Lorraine.

Miezi sita ni titi peke yake. Si uji, si maji, si dawa ya tumbo ya dukani. Maji yote anayohitaji yamo humo. Nilikuambia kwa upole zaidi ya mara moja, ukawa unaitikia "sawa" na kungoja niingie bafuni.

Msamaha sina wa kuomba. Mlango wangu utafunguka siku utakapokubali kwamba huyu ni mtoto wangu.

Mke wa mwanao,
Kanyiva


Kariobangi,
27 Februari 2024

Kwa Kanyiva,

Salamu kwako na kwa mtoto. Nimesikia kwa Carolyne kwamba kuharisha kumekoma. Namshukuru Mungu, na nitamshukuru moja kwa moja, si kupitia kwako.

Uji wangu haujawahi kuharisha mtu. Maji mnayonunua kwa mitungi huko Mowlem yanatoka wapi? Ulishawahi kumuuliza yule wa mkokoteni? Ila kwa kuwa ni mimi niliyeshika kijiko, basi ni mimi.

Unanifundisha kunyonyesha. Mimi nimenyonyesha watoto sita. Nilikuwa nauza viatu na mtoto yuko kwenye leso, ananyonya nikimpima mteja mguu. Kila mmoja aliacha titi anatembea, mwingine anazungumza. Hakuna kopo la maziwa lililoingia nyumbani kwangu. Usinitajie faida za titi kana kwamba mlizigundua nyinyi juzi kwenye simu zenu. Lakini titi lina mwenye nalo. Wewe ulirudi nyumbani ukiwa mfupa, huli, unakunywa chai ya rangi na mkate. Maziwa yako nimeyaona. Mepesi kama maji yaliyooshewa mchele. Mtoto ananyonya saa nzima na bado analia. Nilimpa uji kwa sababu nilimwonea huruma, na nitasema hivyo mbele ya mtu yeyote.

Jambo la pili. Mnamo Aprili unarudi ofisini kwako Industrial Area. Nimemwambia Austine kwamba mtoto atakuja kukaa kwangu mchana, na ikibidi akae kwangu kabisa mpaka apate mwili. Hawezi kulelewa na msichana wa kuokotwa wakati nyanya yake yu hai. Austine amekubali. Akirudi kutoka safari atakuambia.

Jitayarishe.

Mama mkwe wako,
Phelister


Mowlem,
2 Machi 2024

Kwa Mama Austine,

Hujambo. Tuko wazima.

Austine amerudi, ameniambia, na nimemjibu. Alikukubalia kwa sababu hajawahi kukukataza kitu maishani mwake. Mimi nakukataza. Lorraine haji Kariobangi. Nimempata Mideva, ni mtu mzima, amelea watoto wa jirani yangu na nimeongea nao. Nitakuwa nakamua maziwa kabla ya kutoka na mengine kazini, yatawekwa kwenye friji, na mtoto atanyweshwa kwa kikombe kidogo. Maziwa hayo hayo mepesi. Umesema yamekaa kama maji ya mchele. Sista amenieleza kwamba yanayotangulia huwa mepesi ili mtoto akate kiu, ya nyuma ndiyo mazito, na ukimtoa mtoto mapema hayapati. Wewe ulikuwa unamtoa mapema. Kila mara ulisema ameshiba ukamchukua, halafu ukashangaa kwamba analia.

Tena umejisifu watoto sita. Krismasi nilipokuja kwenu mara ya kwanza niliona wamekaa mezani watano. Kabla hujanifundisha jinsi ya kulisha mtoto, jiulize Sally alilishwa nini.

Usiniandikie tena kuhusu kumchukua binti yangu.

Kanyiva


Kariobangi,
10 Machi 2024

Kanyiva,

Sikusalimii.

Sally hakuuawa na uji. Nitakueleza mara moja, usikie kutoka kwangu, kwa maana naona Austine alikusimulia jambo asilolijua. Yeye alikuwa bado hajazaliwa.

Tulikuwa tunakaa nyumba za reli, Zedekiah wangu alikuwa kwenye treni ya mizigo, siku nyingine harudi wiki nzima. Surua iliingia mtaani. Sally alikuwa bado mdogo kwa sindano ya surua, alikuwa hata hajaanza kutambaa vizuri. Akawaka homa mwili wote. Nilimbeba mpaka hospitali na tukakaa kwenye benchi kwa sababu watoto walikuwa wengi kuliko vitanda, na kila mama ameketi kama mimi. Asubuhi hiyo alikuwa amenyonya. Nilipokuwa kwenye benchi nilimpa tena, akashika, akaacha. Nilidhani amelala. Mama aliyekuwa pembeni yangu ndiye aliyemwangalia, akanishika mkono.

Tulimzika nyumbani, Ugenya. Na maziwa hayakujua. Yaliendelea kuja. Niliketi kwenye matanga nguo ya mbele imelowa, wanawake wanapita wakinisalimia na wote wanaona, na hakuna wa kuyanyonya. Dada ya Zedekiah alinifunga kifua kwa kanga nikalia kwa yale maumivu kwa sababu machozi ya kumlilia mtoto yalikuwa yamekwisha.

Hiyo ndiyo habari ya Sally. Sasa unayo, itumie unavyotaka.

Nilikuwa nimeudhika kwa ajili ya mkoba. Mkoba ni kitu kidogo. Usiniandikie, na usilitaje jina la huyo mtoto mdomoni mwako.

Phelister


Hospitalini, wadi ya wanawake,
6 Mei 2024

Kwa Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Najua ulinikataza kuandika. Ningekuwa na mtu mwingine nisingekuandikia.

Nimelazwa tangu jana. Nilirudi kazini Aprili kama unavyojua. Ofisini hakuna mahali pa mama kukamua maziwa. Nilikuwa naingia stoo ya karatasi, nafungia mlango kwa kiti, mpaka msimamizi akalalamika kwamba napotea mara kwa mara. Nikaacha kwenda. Nikawa nakaa na maziwa mpaka jioni, blauzi imelowa, nimevaa koti kwenye joto. Wiki iliyopita titi la kushoto liligeuka jiwe, jekundu, la moto. Nikaendelea kwenda kazini. Jana nilianza kutetemeka nikaanguka karibu na meza yangu. Wamenitia dripu ya dawa.

Austine lori limeharibika ng'ambo ya Kampala. Mama yangu Kitui bado ana mguu kwenye plasta. Maziwa niliyokuwa nimeweka yamekwisha. Mideva peke yake ameogopa, na ni mimi niliyemwambia akuletee Lorraine. Kufikia utakaposoma hii atakuwa amefika kwako.

Nakuomba jambo moja, na najua sina haki ya kuomba. Usimpe uji wala maji. Sista wa hapa, anaitwa Kate, amesema mtoto aletwe anyonye hapa, hata hili titi linalouma. Amesema dawa ninayopewa haitamdhuru, na kwamba maziwa yakikaa ndani ndiyo nitazidi kuwa mgonjwa. Mtoto akiyatoa nitapona haraka. Nimekamua kidogo kwenye chupa, Carolyne atakuletea, apewe kwa kikombe.

Kama huwezi kumleta, mpe Mideva arudi naye na nitatafuta njia nyingine.

Kanyiva


Kariobangi,
7 Mei 2024

Kanyiva,

Mtoto amefika. Amelala. Ni mzito, mkono umeniuma kumbeba.

Usinipe masharti. Barua yako Carolyne ameisoma kwa sauti kwa sababu miwani yangu sikuiona, na kwa mimba hii tumbo limeanza kuonekana, alisoma akiwa amesimama, anasema akiketi mgongo unamuuma. Kwa hivyo amesikia yote, na ananitazama kana kwamba ni mimi niliyekuangusha ofisini kwako.

Sisi tulijua kwamba titi likioza, maziwa yake ni sumu, mtoto anatolewa mara moja. Huyo Sista Kate wako nitamuuliza mwenyewe, uso kwa uso. Akinijibu vibaya narudi na mtoto wangu.

Nitamleta asubuhi kabla ya soko na jioni baada ya soko. Simleti kwa ajili yako. Nikifika usinisemeshe, na mimi sitakusemesha. Mtoto anyonye, niondoke.

Phelister


Kariobangi,
13 Mei 2024

Kanyiva,

Nilisema sitakusemesha. Hapa nakuandikia tu.

Kwanza uache kulia mtoto akiwa titini. Anakutazama. Jana aliacha kunyonya akawa anakuangalia tu.

Pili, askari wa getini si wa kulaumiwa sana. Najua umesikia kwamba nilimpigia kelele siku ya kwanza. Alisema watoto hawaruhusiwi wadi ya watu wazima, nikamwambia huyu si mgeni, huyu ni dawa, akacheka, nikaketi chini pale pale mlangoni pake na mtoto, watu wakiniruka. Huyo Kate akaja mwenyewe kutuchukua. Tangu siku hiyo ananifungulia.

Nilimuuliza Kate. Ulikuwa umefumba macho lakini najua ulikuwa unasikiliza. Nilimwambia sikusoma sana lakini sitaki kudanganywa. Akanionyesha jinsi ya kulikanda lile jiwe kuelekea kwenye chuchu mtoto akinyonya, na nililikanda mimi kwa mikono yangu, kwa sababu wewe ulikuwa huwezi hata kuligusa. Nililisikia linalegea. Nimeliona kwa macho yangu. Siku ya tatu ulikuwa na uso wa mtu. Akaniambia pia kwamba mwanamke anayenyonyesha anajipunguzia hatari ya saratani ya titi, na mimi kwa ile miaka yote nilijipunguzia bila kujua.

Tatu. Katika ploti yetu ya nyumba za kupanga bomba la maji limepasuka karibu na mtaro wa maji machafu. Tangu Ijumaa watoto wanaharisha na kutapika. Wa mama wa chini kabisa, anayempa maziwa ya kopo kwa sababu anauza mboga Gikomba, amelazwa. Wa Mama Matheka naye amelazwa, huyo ananyonya lakini alikuwa anapewa maji na uji pia. Nilichemsha maji yangu, nikaogopa, nikangoja. Wako hajaguswa. Juzi joto lilikuwa kali, analamba midomo, nikachukua kikombe cha maji nikakifikisha mdomoni pake. Nikakirudisha mezani. Nikambeba nikaja kwako kabla ya wakati, ndiyo maana ulinishangaa.

Sisemi ulikuwa sahihi. Nasema nilichokiona.

Sitaki shukrani.

Phelister


Mowlem,
26 Mei 2024

Kwa Mama yangu,

Shikamoo. Unaendeleaje na goti? Carolyne anasema umelifunga kitambaa na bado unapanda ngazi. Mimi nimepona. Titi limerudi kama lilivyokuwa, homa hakuna, na Lorraine ananyonya pande zote. Austine amefika, amechoka, na analala na mtoto kifuani.

Kazini wamenipa chumba. Ni kile kile cha stoo, lakini sasa kina kitasa na kiti kizuri. Nilipeleka barua ya daktari nikawaambia nimelazwa kwa sababu ya koti lile. Hawakupenda, ila wamekubali. Kuna mwingine wa uhasibu anayekaribia kujifungua, amenishukuru kimya kimya.

Ulisema hutaki shukrani, basi sitashukuru. Ninaandika kwa ajili ya lile jina ulilonikataza, na sitaliandika.

Nilichoandika Machi nilikiandika nikijua kitakuuma. Sikuwa nimekasirika tu. Nilitafuta mahali pa kukuumiza, nikapapata. Nilipopokea jibu lako nililisoma nikiwa nanyonyesha na sikuweza kumaliza. Siku hiyo nilianza kukujibu nikaichana karatasi. Baadaye nikajiambia umenikataza kuandika, na nikajificha nyuma ya hilo.

Wadini ulikuwa unaniwekea mtoto mapajani, halafu unageuka unatazama dirishani. Nilikuwa nautazama mgongo wako. Siku moja Lorraine alipokuwa ananyonya kwa sauti, nilikuona unashika kifua chako mwenyewe, hapa mbele, kwa mkono mmoja, kama mtu anayezuia kitu kisimwagike. Niliona haya. Nilitaka kusema na nikakumbuka kwamba usisemeshwe.

Nisamehe, Mama. Si kwa uji. Kwa uji bado nasimama pale pale. Kwa yule mtoto, nisamehe.

Simu yangu iko wazi.

Binti yako,
Kanyiva


Mowlem,
14 Julai 2024

Kwa Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima na biashara inaendelea.

Barua yangu ya Mei hukuijibu. Carolyne anasema ulimwambia asome, ukasikiliza mpaka mwisho, ukaiweka chini ya mto wa kiti na kwenda zako Kariokor. Simu hukupiga. Jumapili zote Austine amekuja kwenu peke yake.

Lorraine ametimiza miezi sita. Ameanza chakula kidogo kidogo na bado ananyonya. Tulifanya maombi nyumbani na watu wa kanisa. Nilikutumia ujumbe wa mwaliko. Tulikungoja kabla ya kula.

Sitakusumbua tena. Siku ukitaka kumwona, mlango hauna kufuli.

Kanyiva


Kariobangi,
3 Septemba 2024

Kwa Mama Lorraine,

Salamu za asubuhi. Natumaini mmeamka salama, wewe na mtoto, na Austine huko aliko. Mimi mwili uko, roho haiko.

Barua hii anakuletea Mideva. Nimempitia sokoni alipokuwa ananunua mboga, akasema yuko njiani kurudi kwako. Naandika nimesimama, kwa hivyo usijali mwandiko. Simu ningepiga, lakini nikisikia sauti yako nitaanza na yale ya zamani, na leo hakuna wakati.

Carolyne amejifungua jana. Kijana. Alipata shida, wakampasua, na mtoto akatoka mdogo. Yuko hospitali ile ile. Mtoto hajashika titi. Anafungua mdomo, anagusa, analia, anageuka. Carolyne naye analia. Anasema hana maziwa, anasema apewe kopo, na mimi nilipotaka kumsaidia alinisukuma mkono. Aliniambia, "Mama, wewe toka. Hata Kanyiva alikushinda." Binti yangu. Nilitoka nikakaa kwenye korido.

Nikiwa huko nilifikiria yale maneno yako yote. Kwamba yanayotangulia ni mepesi. Kwamba mtoto asitolewe mapema. Jinsi Kate alivyokushikia kichwa cha Lorraine, na mwili wote wa mtoto ukageuzwa kuelekea kwako, si shingo peke yake. Nayajua yote, Kanyiva. Niliyaona na nimeyashika. Lakini yakitoka mdomoni mwangu yanakuwa amri, na Carolyne hataki amri, ana kidonda tumboni na ameogopa.

Yule mama mwingine wa kitanda cha pembeni amemkopesha kopo. Liko juu ya kabati. Halijafunguliwa bado.

Habari ya Sally sijaimaliza na wewe. Nilisikia ulivyoomba na najua ulisema kweli, ila kuna siku nikiamka bado nasikia ile sentensi yako. Pengine itachukua muda mrefu. Pengine haitaisha. Sitakudanganya kwa kuwa leo nina shida.

Sista mmoja, si Kate, alinikuta kwenye korido akaniuliza kama kuna mtu katika familia ambaye mgonjwa anamwamini, aliyewahi kunyonyesha karibuni, aje akae naye. Nilimwambia yuko. Nikamwambia ni binti yangu, anakaa Mowlem, ana mtoto wa miezi saba anayenyonya mpaka leo, na anajua kuliko mimi.

Mlete Lorraine, nitamshika mimi getini. Njoo sasa.

Mama